Mwajiri ananitaka sasa, nami nimebakiza muhula mmoja

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 24, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Naomba usichapishe jina langu wala la chuo, kwa sababu haya ninayokueleza nyumbani hayajulikani, na hata yule ninayelala naye chumba kimoja hosteli anajua nusu tu.

Kwetu ni Newala. Baba analima korosho, mama anauza uji na maandazi asubuhi, na katika watoto watano mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Ninasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Muhula huu ulioanza mwanzoni mwa Machi ndio wa mwisho. Mitihani ni Julai, na mahafali ni mwishoni mwa mwaka.

Mwaka jana tulipofunga chuo nilifanya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwa wiki nane katika kampuni moja ndogo ya Kijitonyama, karibu na kituo cha Sayansi. Wako watu sita. Wametengeneza mfumo ambao shule binafsi zinautumia kukusanya ada: mzazi analipa kwa simu kwa namba ya malipo ya mtoto wake, na mhasibu wa shule anaona papo hapo nani amelipa na nani bado. Nilianza kwa kuingiza majina ya wanafunzi, kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Wiki ya tatu likazuka tatizo: mzazi analipa mara moja, mfumo unaandika mara mbili, na shule moja ikajikuta ina wazazi waliolipa ada ya mwaka mzima ilhali fedha benki hazipo. Nilikaa na kumbukumbu za miamala siku mbili. Nikaona kwamba kila mtandao unapochelewa kujibu, kampuni ya simu hutuma taarifa ile ile kwa mara ya pili, nasi hatukuwa tukikagua kama namba ya muamala ule imeshapokelewa. Niliongeza mistari saba ya programu na tatizo likaisha. Bosi aliwaita wote waje kuona kwenye skrini yangu. Shangazi, tangu nianze chuo sijawahi kujisikia vile.

Wiki mbili zilizopita bosi huyo alinitumia ujumbe wa sauti saa nne usiku. Anataka nianze kazi mwezi ujao, Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Nilimjibu kwamba nimebakiza muhula mmoja. Akaniandikia: "Cheti ni karatasi tu, mdogo wangu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na leo ninaajiri wenye vyeti." Akaongeza kwamba wapo wengine wanaoitaka nafasi hiyo, na amenipa hadi mwisho wa mwezi huu.

Nimewaona waliotutangulia. Kaka mmoja aliyekuwa akitufundisha programu pale hosteli, mtu mwenye akili nyingi kuliko mimi, amemaliza mwaka jana na sasa anakaa kwenye kibanda cha wakala wa miamala Mabibo. Mwingine amerudi kwao Singida. Kila tangazo la kazi ninalofungua linataka uzoefu wa miaka miwili, na mimi leo ninaletewa uzoefu mlangoni nikiwa bado mwanafunzi. Nikiuacha, nani ataniletea mwingine?

Nyumbani nako hali si nzuri. Baba aliumia mgongo msimu uliopita, mikorosho haikupuliziwa salfa inavyotakiwa, na kilichopatikana kilikuwa kidogo. Bumu la mwisho, yaani fedha za kujikimu kutoka kwenye mkopo, nilituma nusu yake nyumbani. Mama anajua kwamba mwaka huu ninamaliza. Ameshanunua kitenge cha mahafali na majirani wote wameonyeshwa.

Nina mradi wa mwisho ninaoufanya na mwenzangu mmoja. Ni programu ya kurekodi mizani ya korosho katika chama cha msingi cha ushirika, ili mkulima akishapima apate ujumbe wa kilo zake kwenye simu badala ya kutegemea kijikaratasi cha nakala ambacho wino wake hufutika kabla hata ya mnada. Wazo lilitoka kwangu, kwa sababu baba aliwahi kubishana na karani juu ya kilo 40 na karatasi yake ilikuwa haisomeki. Sehemu kubwa ya programu naandika mimi, naye anaandika ripoti. Sijamwambia lolote. Lipo pia somo la Takwimu la mwaka wa pili ambalo nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, nayo sikufaulu, kwa hiyo nimelikeri, yaani nimelibeba hadi mwaka huu, na ninalirudia muhula huu pamoja na wadogo zetu. Hilo si tatizo kubwa.

Ninachofikiria ni kuahirisha muhula huu, nianze kazi, kisha nirudi kuumalizia nikiwa nimejipanga. Nimesikia kwamba inaruhusiwa. Lakini kila nikitaka kumjibu bosi kwamba nimekubali, mkono unasita, na nikitaka kumwandikia kwamba nimekataa, unasita vilevile. Nifanye nini?

Wako,
Mwenye njia panda


Marahaba, binti yangu.

Barua yako imenikaa kichwani kwa siku kadhaa, na kabla ya kukujibu naomba niirudie kwa maneno yangu ili uone kama nimekuelewa. Umepewa kazi unayoipenda na watu waliokwisha kuona uwezo wako. Kazi hiyo inakutaka sasa hivi, na chuo nacho kinakutaka sasa hivi, kwa miezi minne tu iliyobaki. Nyuma yako kuna nyumba iliyopungukiwa msimu huu. Mbele yako unawaona waliomaliza ambao cheti bado hakijawapa kitu. Kwa hiyo swali lako halihusu kupenda au kutopenda shule. Unauliza kama mtu anayeshikiliwa mkono na nafasi ya kweli ana haki ya kuiambia isubiri.

Kwanza nataka tuliangalie jambo moja ambalo huenda hukuliona ulipokuwa ukiandika. Zile siku mbili za kutafuta kosa la miamala umezieleza kwa kirefu, hata mistari saba ya programu umeihesabu. Somo la Takwimu umelipa sentensi mbili, ukalifunga kwa kusema si tatizo kubwa. Sikulaumu, sote huandika kwa upana tunapopendeza na kwa ufupi tunapoumia. Lakini nauliza, nawe ujijibu ukiwa peke yako: kama somo hilo lingekuwa limeshapita, kama usingelazimika kukaa darasani na wanafunzi wa mwaka wa pili wakikuita dada, je, ungekuwa unafikiria kuahirisha? Inawezekana kabisa jibu likawa ndiyo. Kama ni ndiyo, basi una swali la ajira, na tulishughulikie kama swali la ajira. Kama jibu linachelewa kuja, basi huenda Kijitonyama imekuwa mahali pa kukimbilia, kwa sababu pale uliitiwa watu waje kuona skrini yako, na katika Takwimu umeanguka mara mbili.

Nina swali jingine dogo kuhusu hilo hilo. Fildi ulifanya baada ya kufunga chuo, wiki nane, na sapu kwa kawaida hufanywa karibu na Septemba. Ulijiandaa saa ngapi? Kama ulikuwa ukishuka kwenye daladala saa moja usiku, umechoka, halafu ndipo unafungua daftari la Takwimu, basi kilichoshindwa pale ni ratiba, na ratiba hurekebishika. Naogopa umelibeba lile anguko kama ushahidi kwamba somo limekushinda, ilhali hujawahi kulipa nafasi ya kutosha.

Sasa turudi kwenye kuahirisha. Umeandika "kuahirisha muhula huu, kisha nirudi," kana kwamba muhula unakusubiri mlangoni. Masomo ya muhula wa pili kwa kawaida hufundishwa katika muhula wa pili tu. Ukiondoka sasa, hutaweza kuyamalizia Novemba chuo kitakapofunguliwa. Utasubiri hadi Machi ya mwaka ujao, na mahafali yatakuwa mwishoni mwa mwaka huo. Muhula mmoja unakuwa mwaka. Mwenzako atawasilisha mradi bila wewe au atakwama nao, na wewe ukirudi huenda ukatakiwa kuanza mradi mwingine chini ya msimamizi mwingine. Kuna na hili la mitaala: vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikihuisha mitaala yake katika miaka hii chini ya HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, na wapo wanaorudi wakakuta somo limebadilishwa jina au limehamishwa mwaka. Hayo yote hutatuliwa, lakini hutatuliwa kwa kupanga foleni ofisini, na foleni hizo huwa ni siku za kazi, saa za kazi, wakati bosi wako anakuhitaji Kijitonyama.

Ruhusa ya kuahirisha nayo si ya kujitangazia. Huombwa kwa maandishi, kwa sababu ambazo kanuni za chuo zinazitambua, na anayeacha tu kuhudhuria bila kibali huhesabiwa kuwa ameacha masomo, yaani ule mwisho ambao ninyi wanafunzi mnauita kudisko bila hata ya kufanya mtihani. Kama utafika huko, pitia kwanza kwa mkuu wa idara na kwa afisa mikopo wa chuo. Umuulize huyo wa pili swali moja mahususi: mkopo wangu unasimama vipi, na unarudi vipi nikirudi?

Nimekaa na kalamu nikahesabu ule mshahara, maana 600,000 ikisomwa usiku kwenye simu huonekana kubwa kuliko ilivyo. Ukikatwa asilimia 10 ya NSSF inabaki 540,000. Kodi ya mapato juu ya hiyo ni 24,000. Unabaki na 516,000. Siku Bodi ya Mikopo itakapoanza kukudai, sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara, ambayo ni 90,000, na mkononi itafika 426,000. Hosteli utakuwa umeiacha, kwa hiyo toa kodi ya chumba, ambayo wenye nyumba wengi wa mjini hutaka ilipwe kwa miezi mingi kwa mkupuo, na toa nauli ya siku sita kila wiki. Halafu kumbuka unachokiacha: kama unapata kiwango kamili cha fedha za kujikimu, cha shilingi 10,000 kwa siku, hiyo ni kama 300,000 kwa mwezi, nayo itasimama ukiahirisha. Tofauti kati ya kuwa mwanafunzi na kuwa mwajiriwa, kwa miezi hii minne, haifiki 220,000 kwa mwezi kabla hujalipa chumba. Sisemi haina maana. Nyumba ambayo mikorosho haikupuliziwa inajua thamani ya laki mbili. Tena bumu linakoma Julai na mshahara unaendelea, kwa hiyo ukihesabu mwaka mzima kazi inashinda waziwazi. Nilitaka tu uione hesabu yote, si ile nusu iliyokuja kwa ujumbe wa sauti.

Bosi wako amesema cheti ni karatasi tu. Hata noti ya elfu kumi ni karatasi. Ninamwamini anaposema yeye aliacha chuo na mambo yamemnyookea, na katika fani yenu wapo wengi waliojifundisha wenyewe wakawapita waliokaa darasani. Lakini yeye ni mwenye kampuni. Hakuna anayemuuliza cheti chake isipokuwa mteja. Jaribu kumuuliza siku moja, kwa upole, kampuni yake inapoomba zabuni ya serikali kupitia mfumo wa NeST, wanaambatisha wasifu wa nani na vyeti vya nani kwenye orodha ya wataalamu. Nadhani ndiyo maana anawaajiri hao wenye vyeti anaojisifia.

Wewe ukitaka siku moja kuomba kazi ya serikali kupitia Ajira Portal, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba hati za matokeo ya muda hazikubaliwi. Wanataka cheti chenyewe. Hapo kuna jambo ambalo linaipa nguvu hoja yako, si yangu: hata ukimaliza Julai, cheti hakitakuwa mkononi hadi baada ya mahafali. Ile miezi ya katikati ndiyo inayowavunja moyo wahitimu wengi, pengine na yule kaka wa Mabibo alianzia hapo. Mtu aliyemaliza Julai akiwa na mahali pa kwenda Agosti yuko mbali sana na mtu aliyemaliza Julai akarudi nyumbani kusubiri. Kwa hiyo sikuambii uichukulie nafasi hii kama kishawishi cha kukimbiwa. Ni mali. Swali ni kama inaweza kusogezwa.

Umeichukulia tarehe ya bosi kama sheria. Hebu tufikirie haraka yake inatoka wapi. Mfumo wake ni wa ada, na shule hufungua muhula Januari na Julai. Anayeuza mfumo wa ada anataka kila kitu kiwe kimekaa sawa kabla ya Julai, ili wazazi wakianza kulipa pasiwe na yale mambo ya kuandika malipo mara mbili. Kama nimekisia sawa, anachohitaji hasa kati ya Aprili na Juni ni kazi fulani ikamilike, na hilo ni tofauti na kuhitaji mtu akae kitini saa nane kwa siku, siku sita. Unaweza kumuuliza kazi hiyo ni ipi. Unaweza kumpa Jumamosi zako, na kipande kimoja cha kazi unachoweza kukimaliza, kwa malipo ya kipande hicho, na ajira kamili ianze siku ya kwanza baada ya mtihani wako wa mwisho. Anaweza kukataa. Akikataa utakuwa umejifunza kitu juu yake pia, ingawa hicho nacho kina gharama yake, na sitaki kukudanganya kwamba ukikosa hapa utapata kesho. Inawezekana ukapata baada ya miezi mingi.

Hata njia hiyo ya katikati ina hatari, na ndiyo ninayoiogopa zaidi kwako kwa sababu inaonekana salama. Kampuni ya watu sita haina Jumamosi. Ina simu ya saa tatu usiku kwamba shule fulani haioni malipo, na wewe ndiye uliyewahi kulitatua. Ukikubali kazi ya vipande, kubali ukiwa umeandika ni siku zipi hupatikani kabisa: wiki ya jaribio la Takwimu, wiki ya kuwasilisha mradi, wiki mbili za mitihani. Na ile njia nyingine ambayo hukuitaja lakini najua imekupitia kichwani, ya kuanza kazi kamili kimyakimya huku mwenzako akikusainia mahudhurio, naomba uiache. Vyuo vingi humzuia kufanya mtihani mwanafunzi ambaye mahudhurio yake hayatoshi, na ukibainika unamwingiza matatani na aliyekusainia.

Ukiamua kuichukua kazi sasa, na unaweza kuamua hivyo ukiwa na akili timamu kabisa, basi usiichukue kwa ujumbe wa sauti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako, mshahara na saa zako. Saa za kawaida kwa mujibu wa sheria hiyo hazizidi 45 kwa wiki. Ratiba aliyokupa, hata ukitoa saa moja ya chakula kila siku, ni saa 48. Hizo tatu zinazozidi ni za ziada na zina malipo yake. Jambo la kuzingatia kuliko yote ni kwamba katika miezi sita ya mwanzo ulinzi wa mfanyakazi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haujakufikia. Akikuacha Agosti kwa sababu msimu wa ada umepita, utakuwa huna kazi, huna bumu, na chuo hakifungui mlango wako hadi Machi. Sisemi atafanya hivyo. Simjui. Wewe umekaa naye wiki nane. Je, uliwahi kumwona akimwachisha mtu, na alimwachishaje? Mshahara wa mwisho wa mwezi ulikuwa ukitoka tarehe gani?

Ukiamua kumaliza, nalo lina machungu yake, na tusiyafiche. Utatuma kidogo nyumbani hadi Julai, au hutatuma kabisa. Utakaa kwenye Takwimu na wadogo zako na hakuna atakayeitwa kuja kuona skrini. Unaweza kumaliza ukakuta nafasi imekwenda kwa mwingine, na siku utakapopita karibu na kituo cha Sayansi itakuuma. Na huenda Takwimu ikakushinda tena. Hilo nalo lipo, na ndiyo sababu nakusihi, uchague lolote utakalochagua, umtafute mhadhiri wa somo hilo wiki hii akueleze ulipoanguka. Uliza karatasi yako ya sapu ilikosea wapi. Mtu aliyeweza kusoma kumbukumbu za miamala siku mbili mpaka akaona taarifa ile ile imeingia mara mbili ana aina ya akili inayotakiwa na Takwimu; kilichopungua ni kwamba pale ulijua mzazi aliyelipa ada yuko upande wa pili, na huku huoni mtu. Katika mradi wako wa korosho zimo takwimu tele. Kilo 40 za baba yako ni swali la Takwimu: mzani ukipima kiroba kile kile mara kumi, tofauti gani ni ya kawaida na ipi ni ya kutiliwa shaka? Mwulize mhadhiri hilo.

Wapo watu wawili ambao hawajui na wanapaswa kujua kabla ya bosi kupata jibu. Wa kwanza ni mwenzako wa mradi. Yeye anaandika ripoti ya programu ambayo mwenye kuiandika anafikiria kuondoka, na miezi yake minne imo ndani ya uamuzi wako. Hana kura, lakini ana haki ya kupata taarifa mapema. Wa pili ni mama. Umemtaja kwa kitenge, nami nahisi kitenge hicho kinakuzuia kuzungumza naye. Mama aliyelea watoto watano kwa uji na maandazi amewahi kupiga hesabu ngumu kuliko hii yako. Ukimweleza, usimuulize kama ukubali kazi. Muulize nyumbani wanaweza kusogea mpaka Julai bila wewe, na akupe jibu la kweli, pamoja na hali halisi ya mgongo wa baba. Umekuwa ukiibeba nyumba kichwani mwako bila kumuuliza mama mzigo una kilo ngapi.

Kuhusu bosi, usisubiri tarehe ya mwisho ndipo uandike. Kama utaona inafaa, mwandikie kwa maandishi, si kwa sauti, kitu cha namna hii: "Kaka, nashukuru kwa imani yako. Kazi hii ninaitaka. Mitihani yangu inaisha Julai, na naomba kujua kama ajira kamili inaweza kuanza wiki inayofuata. Kabla ya hapo naweza kuja Jumamosi kwa kazi maalumu tutakayokubaliana. Ni kazi gani unayohitaji ikamilike kabla shule hazijafunguliwa?" Utaona hakuna kukubali humo wala kukataa, na lile swali la mwisho linamtaka yeye naye afikiri.

Ukishamtumia, niandikie alikujibu nini. Asipokujibu, niandikie pia, utaje zimepita siku ngapi.

Shangazi yako